Robo Saa ya Mtoto

Dominika ya 27 ya Mwaka B (Mk 10:2-16)



Injili ya Dominika hii ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza yahusu ndoa, na juu ya ndoa tumekwisha kusema mengi katika kipindi hiki, nasi tutasema tena Mungu akitujalia uzima. Leo naomba tushike zile aya nne za mwisho tu, ambazo wahubiri wengi huzipita haraka kama gari lipitavyo kituo kisicho na abiria. Ni aya zinazosimulia jinsi watu walivyomletea Yesu watoto wadogo ili awaguse, wanafunzi wakawakemea watu hao, naye Yesu alipoona hivyo akachukizwa.

Tuanze na wanafunzi, maana hao ndio wanaofanana nasi. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye shughuli. Bwana wao alikuwa safarini kuelekea Yerusalemu. Mafarisayo walikuwa wametoka kumhoji juu ya talaka, na aya inayofuata habari hii yatuonyesha mtu tajiri akija mbio kumwuliza juu ya uzima wa milele. Katikati ya mambo hayo makubwa ndipo wanapoingia watu na watoto wao wanaolia, wanaotokwa makamasi, wasio na swali lolote la kuuliza. Mwanafunzi yeyote mwenye akili timamu angeona ni wajibu wake kuulinda muda wa mwalimu wake. Wainjili watatu wanatusimulia tukio hili, lakini ni Marko peke yake atuambiaye kwamba Yesu alichukizwa. Mathayo na Luka wameliacha neno hilo. Tena ni Marko peke yake asemaye kwamba Yesu aliwakumbatia.

Wale miongoni mwenu waliowahi kusoma Kigiriki watakubaliana nami kwamba kitenzi anachokitumia Marko kwa kule kubariki chaonyesha tendo lililokuwa likiendelea, si tendo la mara moja. Yesu hakuinua mkono mara moja tu juu ya kundi zima, kama tufanyavyo sisi mapadre mwishoni mwa Misa ili watu wawahi kwenda zao. Mimi nalisoma hivi: alimpokea mmoja, akamkumbatia, akaweka mikono juu yake, akambariki, akampokea mwingine. Jambo hilo lachukua muda. Na hiyo ndiyo desturi yake katika Injili yote. Yule kiziwi wa sura ya saba ya Marko alimtoa katika mkutano, akamchukua faraghani. Binti Yairo alimfufua baada ya kuwatoa nje waombolezaji wote, akabaki na baba, mama na wanafunzi watatu. Luka naye asema kwamba jioni moja waliletwa wagonjwa wengi, na Yesu akaweka mikono juu ya kila mmoja wao. Kila mmoja! Mwenye uwezo wa kuwaponya wote kwa neno moja alichagua njia ndefu.

Sasa tushuke kutoka Yudea tuje nyumbani.

Nimefanya kazi ya kichungaji miaka kadhaa katika upande ule wa jiji la Dar es Salaam uanzao nyuma ya uwanja wa ndege: Ukonga, Gongo la Mboto, Majohe, Pugu. Mtu akaaye Gongo la Mboto, naye ana kazi Kariakoo au Posta, huamka saa kumi usiku. Saa kumi na moja yuko kituoni akiwania nafasi. Jioni hurudi kwa njia ile ile, amesimama toka Gerezani, amening'inia kwenye bomba hadi Banana, pengine hadi mwisho wa safari. Akibisha hodi nyumbani kwake ni saa tatu, siku nyingine saa nne. Barabara ya Nyerere imechimbwa na kupanuliwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme yapita kule Pugu ikienda Morogoro na Dodoma. Lakini siku ya mtoto mdogo haikupanuliwa. Saa mbili usiku amekwisha lala.

Basi wako wazazi, akina baba na akina mama pia, ambao tangu Jumatatu hata Jumamosi humwona mtoto wao akiwa usingizini. Humfunika shuka. Hulipa ada ya chekechea. Humletea kandambili walizozinunua kwa kukisia kipimo cha mguu uliolala. Hao si wazazi wazembe, na ningependa jambo hili lisikike wazi, kwa sababu mahubiri juu ya malezi mara nyingi hugeuka kuwa mashtaka, nami sikuja redioni asubuhi ya leo kuwashtaki watu waliochoka.

Nitawasimulia habari ya baba mmoja aliyeniruhusu kuisimulia bila kutaja jina. Alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala moja huko mjini. Aliondoka nyumbani saa kumi na moja jioni, akarudi saa mbili asubuhi, akalala hata alasiri. Walikuwa wamepanga chumba kimoja na sebule. Kwa hiyo kazi kubwa ya mama mchana ilikuwa ni kumnyamazisha mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miaka minne. "Nyamaza, baba amelala." "Usigonge hilo kopo, baba amelala." Siku moja mama akawakuta watoto uani wakicheza ule mchezo wao wa baba na mama. Mwanawe alikuwa amepewa nafasi ya baba. Wenzake walikuwa wakipika mchanga katika vifuu, wakienda sokoni, wakitwanga. Yeye alikuwa amejilaza chini ya mpapai, amejifunika khanga gubigubi, hasemi neno. Na binti mdogo aliyekuwa mama katika mchezo ule alikuwa akiwakanya wengine wasipige kelele.

Mama alicheka sana. Kesho yake akamsimulia mumewe, lakini mumewe hakucheka. Juma lile lile akaja kuniona.

Alitaka kujua kama ametenda dhambi. Nikamwambia kwamba kufanya kazi usiku ili watoto wale si dhambi hata kidogo. Tukakaa tukapiga hesabu ya saa zake, kama mwenye duka apigavyo hesabu ya mali iliyomo. Ikaonekana kwamba kati ya kufika na kulala ana muda wa kunywa chai, nao ni muda wa kama nusu saa, ambao aliutumia akisikiliza taarifa ya habari. Tukakubaliana kwamba robo saa ya muda ule iwe ya mtoto, wao wawili tu, mama akiwa jikoni au gengeni, na redio ikiwa imezimwa. (Ndiyo, hata redio hii.)

Siku za kwanza mtoto hakufanya lolote. Alisimama karibu na pazia akamtazama baba yake. Siku ya nne akaigusa kofia ya kazi. Halafu akagundua kurunzi. Majuma mawili kamili mchezo ulikuwa ni kuiwasha na kuizima kurunzi chini ya meza, basi, hakuna kingine. Baba akaja tena kwangu akalalamika kwamba jambo hili halina maana, afadhali amfundishe mtoto kuhesabu. Nikamsihi asiubadili mchezo. Juma la tatu, wakiwa chini ya meza wote wawili, mtoto akamwuliza: "Baba, kule kwako usiku kuna nyoka?" Akajibu kwamba aliwahi kumwona mmoja. Mazungumzo yao yakaanzia hapo.

Wapendwa, kuna fikra moja ambayo yatudanganya sana, nayo ni kwamba tukiwapo nyumbani mtoto amekwisha tupata. Kumbukeni Injili ya Luka, sura ya pili. Maria na Yosefu walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba mtoto yumo katika msafara, kati ya ndugu na jamaa. Hao ndio wazazi watakatifu kupita wote waliopata kuishi duniani, na bado mwendo wa siku nzima ulipita. Kilichowafanya wasishtuke mapema ni wingi wa watu. Na nyumba zetu za uswahilini ni misafara: yumo bibi, yumo shangazi aliyekuja kutibiwa, wamo wapangaji wa vyumba vya uani, dada wa kazi, watoto wa jirani, na televisheni isiyozimwa. Mtoto hayuko peke yake hata dakika moja, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna atambuaye kwamba tangu asubuhi hakuna mtu aliyekaa naye. Amelishwa, ameogeshwa, amefokewa, amebebwa, amecheka pamoja na wengine. Kukaa naye ni jambo jingine.

Watu wa Gongo la Mboto wanaujua mkasa wa msafara kwa namna ambayo hakuna mhubiri awezaye kuwafundisha. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya silaha katika kambi ya Jeshi yalilipuka, kama yalivyolipuka yale ya Mbagala tarehe 29 Aprili 2009. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Watu walikimbia gizani kila mmoja kwa njia aliyoiona mbele yake, na maelfu walikusanywa katika Uwanja wa Uhuru. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao usiku ule, na kazi ya kuwaunganisha, iliyofanywa na Msalaba Mwekundu pamoja na watu wengine wenye mapenzi mema, haikwisha kwa siku moja.

Mzazi anayemtafuta mtoto huulizwa maswali. Ana umri gani? Amevaa nini? Ana alama gani mwilini? Maswali hayo hata jirani mwema aweza kuyajibu. Halafu huja mengine: akiogopa hufanya nini? Hupenda kujificha mahali gani? Akiitwa na mtu asiyemjua, huitika au hukimbia? Hayo huyajibu mtu aliyewahi kukaa chini na mtoto yule bila haraka. Naye mtoto aliyeokotwa huulizwa: "Baba yako anaitwa nani?" Mtoto wa miaka mitatu hujibu kwa uhakika kabisa kwamba anaitwa Baba.

Liko jambo jingine, zito zaidi, nami nitalisema kwa tahadhari kwa kuwa watoto nao wanasikiliza. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima, Bara na Visiwani, juu ya ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Vijana waliulizwa habari za utoto wao. Karibu wasichana 3 kati ya kila 10, na mvulana 1 kati ya kila 7, walisema kwamba walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Na wengi hawakumwambia mtu yeyote.

Kwa nini mtoto hasemi? Mdogo wa miaka minne hana maneno ya jambo kama hilo. Hulisema pembeni pembeni: kwa kumpiga mwanasesere wa matambara, kwa kukataa kutumwa nyumba fulani, kwa swali lisilo na kichwa wala miguu. Hulisema mara moja tu, tena kwa sauti ndogo, na humwambia mtu ambaye amekwisha zoea kumsikiliza. Mtoto ambaye habari zake za nyoka na kurunzi hazikupata msikilizaji, hiyo habari nyingine atampelekea nani? Wazazi huniambia, "Padre, mwanangu angeniambia." Labda. Lakini njia ambayo habari nzito hupitia hufyekwa kwa habari nyepesi, siku baada ya siku, na porini hapapitiki siku ya hatari.

Ndiyo maana sioni jambo hili kama anasa ya watu wa Oysterbay na Masaki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapohesabu wajibu wa mzazi, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na pamoja na hayo inataja haki ya mtoto ya kucheza na kupumzika. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua kule Dodoma programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa ajili ya watoto tangu kutungwa mimba hata miaka minane, na kati ya nguzo zake tano, pamoja na afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji wa awali, imo ile wanayoiita malezi yenye mwitikio. Neno hilo ni zuri. Mwitikio ni kuitika. Mtoto aita, mtu mzima aitika. Si lazima kwa zawadi, wala kwa fedha. Hata wakati wa janga la UVIKO-19, mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipotoa ushauri kwa wazazi waliofungiwa ndani na watoto wao, walisisitiza kumtengea kila mtoto muda wake wa peke yake, japo dakika 20 tu.

Mimi nimesema robo saa. Wenye ishirini watoe ishirini.

Sasa robo saa hiyo iweje? Kwanza mtoto ndiye achague la kufanya, na mtu mzima afuate. Hapo ndipo ugumu ulipo, maana sisi wazazi na walezi wa Kiafrika tumezoea kutuma: "Lete kile, kaa pale, sema shikamoo." Adabu hiyo ni njema, wala sitaki iondoke. Lakini kwa robo saa mambo yageuke, mkubwa awe mgeni katika nyumba ya mdogo. Akitaka kupanga vifuniko vya soda kwa mstari, vipangeni. Akisema vifuniko hivyo ni daladala na wewe ni konda, basi ita abiria. Walimu mtanisamehe nikisema kwamba muda huo si wa kufundisha herufi. Nami niliye padre nasema zaidi: wala si wa kufundisha sala. Baba Yetu ina wakati wake, ambao nao nitawadai siku nyingine.

Simu iwekwe juu ya kabati. Msidhani mtoto haoni. Wa miaka mitatu hajui kusoma saa, lakini macho ya mama yake yako wapi anajua barabara. Tena muda huo usiwe mshahara wa tabia njema, kwamba leo amemwaga uji basi hapati. Siku aliyomwaga uji ndiyo siku anayouhitaji. Yule baba wa mwana mpotevu hakungoja kwanza hesabu ya mali iliyotapanywa. Kama kuna adhabu ya haki, itolewe mahali pake, na robo saa ibaki mahali pake.

Na iwe na wakati wake unaojulikana. Mtoto mdogo hapimi siku kwa saa, huipima kwa mfuatano wa mambo: baada ya uji, baada ya kuoga, kabla ya taa kuzimwa. Mkimwambia "kesho" bila kumwambia "baada ya nini," mmemwambia neno lisilo na maana kwake. Karibu na mwisho mwambieni kwamba karibu tunamaliza, ili asinyang'anywe ghafla. Atalia hata hivyo siku za mwanzo. Kilio hicho kisiwaudhi. Kinaonyesha kwamba alikuwa ameshiba kidogo, naye ataka zaidi.

Mtu atauliza: na aliye na nafasi mara chache tu? Hapo nawakumbusha Hana, mama yake Samweli. Biblia yatuambia kwamba alimnyonyesha mtoto hata akamwachisha ziwa, na kwa desturi ya watu wa kale huenda hiyo ilikuwa miaka mitatu hivi, kisha akampeleka hekaluni Shilo akamwacha mikononi mwa mzee Eli. Tangu hapo alimwona mara moja kwa mwaka, alipopanda na mumewe Elkana kutoa dhabihu. Na kila mwaka alimpelekea kanzu ndogo aliyoishona mwenyewe. Akina mama mshonao mnaelewa kuliko mimi maana ya jambo hilo. Nguo ya mtoto anayekua haishonwi kwa kumbukumbu ya mwaka jana. Lazima Hana, katika siku zile chache za Shilo, alimsimamisha mwanawe mbele yake, akamgeuza huku na huku, akampima mabega na mikono, akamwuliza habari zake, na akaondoka akiwa amebeba kichwani mwake urefu wa Samweli. Mwaka mzima uliofuata aliushona urefu ule, akiongeza kidogo kwa kukadiria. Hana alikuwa mama wa siku chache, lakini kipimo cha mwanawe alikuwa nacho.

Mtaniambia, "Padre, wewe huna mtoto, wasema kwa kuwa ni rahisi kusema." Ni kweli sina. Lakini niliwahi kuwa mtoto, tena wa sita kati ya tisa, katika milima ya Uluguru, na najua mtoto wa sita huonaje mambo. Mama yetu hakuwa na robo saa ya kutoa. Alikuwa na shamba kwenye mteremko, kuni, maji, na mzee mgonjwa. Lakini siku ya gulio alishuka bondeni na ndizi zake, na kila gulio alimchukua mtoto mmoja tu. Mmoja! Waliobaki walilia hata wakachoka. Zamu yangu ilipofika nilitembea naye saa mbili kwenda na saa tatu kurudi, nikiwa nimebeba kichana kimoja cha ndizi ili nijione mchukuzi. Njiani aliniuliza mambo ambayo nyumbani hakuniuliza kamwe: naota nini usiku, namwonaje mwalimu wa dini, kwa nini sipendi kulala karibu na ukuta. Sijui kama alikuwa amelipanga jambo hilo au alihitaji tu mtu wa kumshikia mzigo. Lakini kila mmoja wetu tisa, tukikutana leo, anadai kwamba yeye ndiye aliyependwa zaidi na mama, na anatoa ushahidi wa safari za gulio.

Kwa hiyo wenye watoto wengi wasikate tamaa. Zamu yatosha, mradi zamu ya mtu isiibwe. Mama auzaye maandazi alfajiri pale kituoni Gongo la Mboto aweza kumwamsha mmoja tu amshikie kikapu cha unga mchana ule anapokwenda dukani. Tofauti ni hii: akimtuma, huo ni utume, akienda naye taratibu, akisimama anaposimama yeye kutazama siafu, huo ni muda wake. Baba aliye mbali, dereva wa malori ya Tunduma au kijana aliyekwenda kutafuta riziki Muscat, atumie simu, na aongee na mtoto mwenyewe badala ya kumwambia mama "nisalimie watoto." Bibi na babu mnaolea wajukuu, haya yote ni yenu pia, na pengine mwayajua zaidi. Na ndugu zetu Waislamu ambao hutusikiliza asubuhi hii, nao ni wengi, wanajua kwamba katika jambo hili hatuna mpaka kati yetu.

Neno moja kwa akina baba, kwa sababu nimesikia mara nyingi mno kwamba kucheza na mtoto humwondolea mwanamume heshima. Someni nabii Hosea, sura ya kumi na moja. Pale Mungu mwenyewe ajieleza kama mzazi aliyemfundisha mtoto wake Efraimu kutembea, akamshika mikono, akainama ili amlishe. Mungu aliinama! Heshima yake haikupungua, na Israeli hakuacha kumcha. Yule mlinzi niliyewasimulia habari zake aliniambia kwamba alipotoka chini ya meza na kurunzi yake, mkewe alimtazama kwa jicho ambalo hakuwa ameliona tangu walipooana.

Wapendwa wasikilizaji, mtangazaji amenionyesha saa, na baada yangu zitafuata nyimbo za kwaya na matangazo ya parokia. Mtangazaji ni mtu mwema, atanisamehe. Kama leo hamko kazini, na kama huko uani au sebuleni yupo mdogo ambaye tangu Dominika iliyopita hamjakaa naye ninyi wawili tu, ombi langu ni kwamba mzime redio sasa hivi, msingoje kwaya. Nendeni mumwulize anataka kucheza nini.

Tumsifu Yesu Kristo.